SOMO LA WAFANYAKAZI: Daftari la Kazi Linapoingia Ndani ya Chombo cha Kazi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mizani, masaa ya ziada, malipo ya likizo na ajali za kiwandani. Leo tutajifunza jambo ambalo mwanzoni litaonekana liko mbali nasi. Ni namna ya kuanza kuunganisha programu ya kufuatilia kazi na zile programu za kompyuta ambazo watu hutumia kutengeneza filamu za katuni.

Usifunue ukurasa mwingine, ndugu. Ziko sababu mbili za somo hili. Ya kwanza ni kwamba watoto wetu wanaingia katika kazi hii. Mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales ulitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ilionyesha Supa Team 4, uliobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia. Kijana aliyelelewa kwenye kambi ya chai anaweza kesho kuwa ameketi mbele ya kompyuta akichezesha sungura, na huyo ni mfanyakazi kama wewe. Sababu ya pili ni kwamba jambo linalotendeka kwake linakuja kwetu pia. Mizani ya elektroniki inayoandika yenyewe kilo za mchumaji ni ndugu wa programu tutakayoisoma leo. Anayeielewa moja ataielewa na nyingine.

1. KAZI YENYEWE NI YA NAMNA GANI

Filamu ni picha nyingi zinazopita upesi mbele ya macho. Kwa kawaida ni picha 24 kwa kila sekunde moja, na kila picha huitwa fremu. Piga hesabu: filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuibeba kazi hiyo peke yake. Kwa hiyo filamu hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, na kila kipande hupita mikononi mwa watu wengi.

Wewe uliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo utaelewa mara moja. Pamba husafishwa, husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa, nguo hutiwa rangi, kisha hukaguliwa. Katika katuni ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Mmoja huchora hadithi. Wa pili huunda umbo la sungura. Wa tatu humtia mifupa ya ndani ili aweze kupinda mkono na kufungua mdomo. Wa nne humpaka rangi na manyoya. Wa tano humchezesha: atembee, aanguke, acheke. Wa sita huweka mwanga wa jua au wa mbalamwezi. Wa saba huunganisha yote kuwa picha moja. Aliye mbele akichelewa, aliye nyuma yake hukaa bure. Aliye mbele akikosea, kosa humfuata kila mtu mpaka mwisho.

Vyombo vya kazi hii ni programu. Iko Maya, inayouzwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani. Iko Blender, ambayo ilianza Uholanzi, na tangu mwaka 2002 ni mali ya wote: mtu yeyote huichukua bila malipo, huitumia, hata kuibadili. Msidhani kwamba cha bure ni kibovu. Filamu ya Flow kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni.

2. DAFTARI LA KAZI

Mahali penye vipande 1,000 na watu 50, lazima kuwe na daftari. Daftari hujibu maswali manne. Kazi gani? Iko kwa nani? Imefika hatua gani? Inatakiwa lini? Zamani msimamizi aliandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ya kufuatilia uzalishaji.

Moja inayojulikana sana ilianza mwaka 2006 kwa jina la Shotgun. Autodesk iliinunua mwaka 2014, ikaiita ShotGrid mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 inaitwa Flow Production Tracking. Hiyo hulipiwa kwa kila mtu anayeitumia. Nyingine ni Kitsu, iliyotengenezwa na kampuni ya CGWire ya Ufaransa. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na kikundi kidogo chaweza kuiweka kwenye kompyuta yake chenyewe. Kwa somo hili tutachukua Kitsu na Blender, maana hata vijana wasio na mtaji wanaweza kuanza nazo.

Katika daftari hili kila kazi ina alama ya hali yake: haijaanza, inaendelea, inangoja kukaguliwa, irudiwe, imekwisha. Hizo ndizo alama tano za kushika kichwani. Nyingine zote ni nyongeza.

3. KUUNGANISHA MAANA YAKE NINI

Bila kuunganisha, mfanyakazi ana kazi mbili. Anachezesha sungura ndani ya Blender. Kisha anatoka, anafungua Kitsu, anaandika kwamba amemaliza, anapeleka filamu ndogo ya kukaguliwa, anarudi tena. Jioni amechoka, anasahau kuandika. Au faili yake ameiita "mwisho", ya pili ameiita "mwisho kabisa", na ya tatu "mwisho kweli". Mtu wa mwanga anakuja asubuhi, anachukua iliyo ya zamani, anafanya kazi siku mbili juu ya mwendo uliokwisha kukataliwa. Siku mbili zimepotea, na ugomvi umeanza: nani alaumiwe?

Kuunganisha ni kulileta daftari ndani ya chombo. Mfanyakazi akifungua Blender, anaona pembeni orodha ya kazi zake kutoka Kitsu. Anachagua kipande. Programu inamfungulia faili iliyo sahihi. Akihifadhi, inaipa namba ya toleo jipya bila yeye kufikiri jina. Akimaliza, anabonyeza mara moja: filamu ndogo inakwenda kwa mkaguzi, na alama inageuka kuwa "inangoja kukaguliwa".

Programu hizi mbili huzungumzaje? Fikirini dirisha la stoo ya kiwanda. Hakuna anayeruhusiwa kuingia stoo na kupekua rafu. Unapeleka hati dirishani, mtunza stoo anasoma jina lako, anatazama kama una ruhusa, kisha anakupa spana. Kitsu nayo ina dirisha la namna hiyo. Blender inapeleka ombi dirishani: "Mimi ni fulani, nipe orodha ya kazi zangu." Dirisha linajibu. Tarishi anayekwenda na kurudi ni programu ndogo iitwayo Gazu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, ambayo Blender pia inaifahamu. Wenye Blender huko Uholanzi wametengeneza kiungo tayari, kiitwacho Blender Kitsu, ambacho mtu hukipachika ndani ya Blender.

4. HATUA ZA KUANZA

Hatua ya kwanza: anzeni na karatasi. Kabla ya kugusa kompyuta, kaeni pamoja mwandike mnyororo wa kazi tangu hadithi hadi picha ya mwisho. Nani anampa nani? Nani anakagua? Wafanyakazi wenyewe wawepo, maana msimamizi huona kazi kutoka juu na mfanyakazi huiona kutoka ndani. Mnyororo ukiandikwa vibaya, kompyuta itaufuata vibaya kwa upesi mkubwa.

Hatua ya pili: patana juu ya majina. Kila faili iseme filamu gani, sehemu gani, kipande gani, hatua gani, toleo gani. Kwa mfano: sungura_s03_k0120_mwendo_v004. Vipande vipewe namba kwa makumi: 0010, 0020, 0030. Hivyo mkiongeza kipande katikati, mnakiita 0015 bila kuvuruga vingine. Msiweke nafasi wala alama za ajabu ndani ya majina.

Hatua ya tatu: jazeni daftari. Ingizeni ndani ya Kitsu filamu, wahusika, sehemu, vipande, kazi na watu. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Msitumie jina moja watu watano, hata kama ni rahisi. Siku ya ubishi hamtajua nani alifanya nini, na aliye mnyonge ndiye atakayebebeshwa.

Hatua ya nne: pachikeni kiungo kwenye kompyuta moja tu. Hakikisheni toleo la kiungo linakubaliana na toleo la Blender, maana hitilafu nyingi za mwanzo hutoka hapo. Mwonyesheni anwani ya seva, jina na neno la siri. Mkiona orodha ya kazi imejitokeza ndani ya Blender, dirisha limefunguka.

Hatua ya tano: pitisheni kipande kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kifungueni, kihifadhini, kipelekeni kikaguliwe, mkaguzi akirudishe na maelezo, mkirekebishe, kipokelewe. Yote yakienda sawa kwa kimoja, fanyeni kwa kumi. Msianze na filamu nzima.

Hatua ya sita: kwa majuma mawili, wekeni daftari la zamani na jipya pamoja. Kila jioni mlinganishe. Mchumaji mwenye busara haiamini mizani mpya mpaka ameilinganisha na kikapu anachokijua.

Hatua ya saba: wekeni nakala mahali pengine, tena kila siku. Umeme wetu mnaujua. Faili za Blender na daftari la Kitsu ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja kinahitaji nakala yake.

5. DAFTARI LINAHESABU NINI

Sasa tufike kwenye kiini. Daftari likiwa nje ya chombo, liliandika yale tuliyoliambia. Likiwa ndani ya chombo, linaandika hata yale ambayo hatukufikiria kuyasema: nani alipeleka kazi, saa ngapi, toleo la ngapi, limerudishwa mara ngapi. Hilo lina faida na lina hatari.

Wazee wetu wa mashambani walikijua kipande, ile kadi ya kazi. Katika mashamba mengi ya mkonge na mengineyo, kadi ilikuwa na siku 30 za kutiwa alama. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa, hakutiwa alama, ijapokuwa alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulingojea alama zitimie. Ubaya haukuwa karatasi. Ubaya ulikuwa kwamba aliyeshika kalamu alikuwa upande mmoja tu.

Kitsu ina ukurasa wa masaa, ambao mfanyakazi mwenyewe hujaza ametumia muda gani kwa kila kazi. Ina pia ukurasa wa kiasi cha kazi, unaoonyesha kila mtu ametoa sekunde ngapi au fremu ngapi kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Fikirini basi. Ndugu mmoja amepewa sekunde tatu za sungura anayesinzia. Mwenzake amepewa sekunde tatu za wanyama ishirini wanaopigana mtoni. Kwenye ukurasa wote wana sekunde tatu. Wa kwanza amemaliza kwa siku moja, wa pili kwa siku nane. Msimamizi asiyeijua kazi atasema wa pili ni mvivu. Je, hilo si sawa na kulinganisha mchumaji wa msimu wa mvua na mchumaji wa msimu wa kiangazi kwa kilo peke yake?

Jambo la pili ni "irudiwe". Kazi inaweza kurudishwa kwa sababu mbili. Mfanyakazi amekosea; au mwenye filamu amebadili nia, jana alitaka kofia nyekundu na leo anataka ya kijani. Alama ni ile ile moja. Mwisho wa mwezi daftari linasema: "Fulani amerudishiwa mara kumi na moja." Halisemi kwamba mara tisa kati ya hizo ilikuwa ni kofia.

Jambo la tatu ni kazi isiyoonekana. Mchezeshaji mzuri husimama, hutembea chumbani, hujitazama kwenye kioo ajue mguu unavyokanyaga. Wakati huo hajagusa kompyuta. Pia kompyuta inapotoa picha za mwisho huweza kuchukua masaa, na mfanyakazi hukaa akingoja. Haya yote ni kazi, na lazima yapate mahali pa kuandikwa.

Lakini kisu hiki kina makali pande mbili. Daftari hilo hilo linaweza kuwa shahidi wetu. Kazi iliyopelekwa saa sita ya usiku imeandikwa saa sita ya usiku. Masaa ya ziada yakikataliwa, shahidi yupo. Jina likiachwa mwishoni mwa filamu, daftari linaonyesha ni nani aliyefanya vipande vipi. Kwa hiyo hatusemi daftari livunjwe. Tunauliza nani anaruhusiwa kulisoma, na nani anaruhusiwa kulisahihisha.

6. WENZETU WA KAZI HII WAMEFANYA NINI

Watu wa katuni si wageni katika chama. Mwezi Mei 1941 wachoraji wa kampuni ya Walt Disney huko California waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe. Mwaka 1952 kilianzishwa chama ambacho leo kinaitwa The Animation Guild, na kingali hai. Lakini wafanyakazi wa picha za kompyuta zinazoingizwa ndani ya filamu za kawaida walibaki muda mrefu bila chama. Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues, iliyotengeneza chui milia wa filamu ya Life of Pi, iliomba ulinzi wa mufilisi. Siku chache baadaye filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa kazi hizo hizo za picha, na nje ya ukumbi wafanyakazi walikuwa wakiandamana.

Septemba 2023 wafanyakazi wa picha za kompyuta wa Marvel Studios walipiga kura kuingia chama cha IATSE, na kura zote zilizohesabiwa zilikubali. Mwezi uliofuata wenzao wa Walt Disney Pictures wakafanya vivyo hivyo. Hawa ni watu wenye ujuzi mkubwa, nao wameona kwamba ujuzi bila umoja haumlindi mtu.

7. MAMBO YA KUDAI KABLA YA KUUNGANISHA

Wakati mzuri wa kupatana ni kabla programu haijawekwa. Ikishazoeleka, mwajiri atasema, "Ndivyo mashine ilivyo." Si kweli. Mashine ni vile ilivyopangwa. Kwa mfano, katika Kitsu msimamizi anaweza kuongeza alama mpya za hali ya kazi. Basi ziwekwe alama mbili: "irudiwe, kosa la kazi" na "irudiwe, nia imebadilika". Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kuokoa mkate wa mtu.

Tudai mambo haya:

(a) Wafanyakazi waelezwe kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa, ni habari gani zinaandikwa na zitakaa muda gani.

(b) Kila mtu aone ukurasa wake mwenyewe, na akiona kosa aandike pingamizi ndani ya daftari hilo hilo.

(c) Hesabu ya fremu au kilo isitumiwe peke yake kukata mshahara au kumfukuza mtu. Ugumu wa kazi upimwe pia, na mjumbe wa wafanyakazi awepo.

(d) Masaa ya kungoja mashine, kukosa umeme na kujifunza programu mpya yaandikwe kuwa masaa ya kazi.

(e) Katibu wa tawi apewe nakala ya taarifa ya jumla kila mwezi.

Sheria nazo zinasaidia. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda habari za mtu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Kwa jumla zinampa mtu haki ya kuomba kuona habari zake zilizohifadhiwa na kutaka makosa yasahihishwe. Mchumaji wa chai ana haki hiyo juu ya kilo zake, sawa na mchezeshaji juu ya fremu zake. Ombi liandikwe, litiwe tarehe, na nakala ibaki tawini.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mahali penu pa kazi, nani anaandika kiasi cha kazi ya kila mtu? Je, mfanyakazi anaweza kuliona andiko hilo siku ile ile?

2. Kazi ikirudishwa, daftari linaeleza ni kosa la nani?

3. Taja kazi tatu unazofanya kila siku ambazo haziandikwi popote. Zingeandikwaje?

4. Mwajiri akileta mizani au programu mpya kesho asubuhi, tawi lenu litauliza maswali gani matatu ya kwanza?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyaleta kwenye mkutano wa tawi. Mwenye kijana anayefanya kazi za kompyuta mjini amwalike aje na chombo chake, atuonyeshe kipande kimoja kinavyopita kutoka mkono hadi mkono. Sisi nasi tumwonyeshe karatasi zetu za mizani, tuone zinafanana wapi.